Tulijue Sanduku la Gemu



Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wa Nyakasimbi wametuuliza zaidi ya mara moja baada ya kliniki ya watoto: "Je, hiyo gemu anayocheza mwanangu kibandani ni mchezo tu, au ni kamari?" Swali ni zuri, na jibu lake limo ndani ya sanduku lenyewe. Tukilijua sanduku, hatutamchapa mtoto kwa mchezo usio na hatia, wala hatutakaa kimya anapoanza kuzoea kamari.

Mashine za kwanza za gemu za kulipia zilikuwa makabati marefu, yaliyowekwa katika baa na maduka ya Marekani miaka ya 1970. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu vikubwa: kioo, ubongo, na tundu la sarafu.

Kwanza, kioo. Mwaka 1972 mhandisi Allan Alcorn wa kampuni ya Atari alipotengeneza gemu ya Pong, alitumia televisheni ya kawaida ya nyumbani, ya picha nyeusi na nyeupe. Ni jamii ile ile ya TV za kichogo ambazo bado zimo katika baadhi ya nyumba zetu. Hapo sisi wauguzi tuna onyo. Ndani ya kichogo kile mna umeme wa maelfu ya volti, na unaweza kubaki humo hata baada ya TV kuzimwa na kuchomolewa. Basi TV mbovu isiwe kitu cha kuchezea watoto. Afunguaye awe fundi. Tena, mwanga unaomweka haraka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watoto wenye kifafa. Huko Japani, Desemba 1997, watoto wapatao 700 walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni yenye mimweko ya namna hiyo.

Pili, ubongo. Pong haikuwa na kompyuta ndani. Ilikuwa na vipande vingi vidogo vya kielektroniki, kimoja cha kusogeza mpira, kingine cha kuhesabu mabao, na kadhalika. Mwaka 1975 gemu ya Gun Fight ilipotoka Marekani ilikuwa na maikroprosesa, yaani ubongo wa kompyuta katika kipande kimoja. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado akatengeneza Space Invaders, ambamo mchezaji hupiga maadui wanaoshuka kutoka juu. Ubongo ule ulikuwa mdogo, ukachelewa kuchora maadui wengi kwa pamoja. Kila walipopungua, kazi ilipungua nayo, na waliobaki wakakimbia zaidi. Nishikado aliona jambo hilo linaongeza utamu, akaliacha. Hivyo mchezaji alivyozidi kufaulu, ndivyo mchezo ulivyozidi kumkaba.

Hata sisi wanawake tulifikiriwa. Toru Iwatani alipobuni Pac-Man, iliyotoka mwaka 1980, alitaka gemu itakayowavuta wanawake pia, ndiyo maana mhusika wake ni mdomo unaokula.

Tatu, tundu la sarafu. Pong ya majaribio iliwekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi Alcorn aliitwa kuitengeneza kwa kuwa imegoma. Alipoifungua alikuta chombo cha sarafu kimejaa hadi kufurika! Tangu mwanzo, basi, sanduku hili lilijengwa ili lipokee sarafu, na mchezo uishe mapema ili mchezaji atoe nyingine.

Kwetu makabati hayo hayakuenea. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali, na vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Gemu zilitufikia kwa njia ya kibanda: mashine ndogo iliyounganishwa na TV, na mtoto anamlipa mwenye kibanda. Huo bado ni mchezo. Anayejua kucheza hushinda, na hakuna anayetarajia kurudishiwa fedha.

Lakini lipo sanduku la pili, ambalo wengi huliita dubwi. Nalo lina kioo, taa na tundu la sarafu, na mtoto huona ni ndugu wa lile la kwanza. La hasha! Ubongo wake huchagua namba kwa bahati, na wepesi wa vidole haumsaidii mchezaji kitu. Limepangwa ili, kwa siku nyingi, litoe pungufu ya lilichopokea. Hilo ni kamari, na sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Kwa majirani zetu Uganda, ng'ambo ya Murongo, sheria ya mwaka 2016 inataka miaka 25.

Basi, mama, ukipita kibandani uliza mambo matatu. Je, mashine hii hutoa fedha? Ikiwa hutoa, mwanao asiiguse. Je, mtoto hulipa kiasi gani, na fedha hizo amezipata wapi? Msimu wa kahawa fedha huzagaa nyumbani, na ada ya shule inaweza kumezwa sarafu kwa sarafu. Je, anacheza kwa muda gani? Mpangie muda, kisha arudi kwenye daftari na kazi za nyumbani.

Usiende kwa ugomvi. Keti na mwanao, mwambie akuonyeshe gemu anayoipenda na jinsi inavyochezwa. Mtoto anayejua kwamba mama yake anaelewa hana sababu ya kuificha, na siku akiitwa na wenzake kwenye lile sanduku la pili, atakuja kukuambia.