Mikono Ile Ina Wenyewe!

Makanisa makubwa ya Uingereza yamejaa kumbukumbu. Ukutani kuna majina ya majenerali, madirishani kuna vioo vya rangi vya kuwakumbuka matajiri, na hata sakafuni unakanyaga makaburi. Leo nina neno na kaburi moja tu, la David Livingstone, katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Jiwe lake linataja jina lake, alikozaliwa, na kijiji cha Chitambo alikofia tarehe 1 Mei 1873. Tena linasema ati aliletwa hapo na mikono miaminifu, kupitia bara na bahari. Basi! Mikono ya nani? Jiwe kimya.

Hebu niwataje mimi. Viongozi wa msafara walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Bwana wao alipofariki, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wangeweza kumzika palepale na kila mtu ashike njia yake. Wapi! Walizika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga maandishi juu ya mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa nguo na magome. Kisha wakatembea kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wengine walifia njiani. Huko Unyanyembe, Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa katakata. Na wenyeji wa mbele walipokataa maiti isipite kwao, waliifunga kama mtumba wa nguo, ikapita!

Siku ya mazishi, 18 Aprili 1874, Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza kaburi limekwisha kufunikwa.

Wapo watakaosema, "Hao walikuwa wapagazi tu, mshahara wao walilipwa." Haya, lakini ni mshahara gani unaomfanya mtu abebe maiti miezi mingi, na hali ameambiwa aitue? Wengine watasema kwamba ya kale kanisani hayaguswi. Si kweli. Mwaka wa 2020, kanisa la St Mary Redcliffe mjini Bristol liliondoa vipande vya kioo vilivyomkumbuka Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa. Ikiwa kioo kimeondolewa dirishani, je, majina matatu hayawezi kuongezwa sakafuni?

Sisemi jiwe la Livingstone ling'olewe, la hasha! Nasema kando yake pachongwe majina ya Susi, Chuma na Wainwright. Wahenga walinena kwamba fadhila ya punda ni mateke. Hawa hawakupigwa mateke, kweli, walisifiwa. Lakini sifa isiyo na jina humwendea nani? Mikono haiji yenyewe, jamani. Ina wenyewe, nao wana majina.