Mashtaka Dhidi ya Filamu Nyeusi na Nyeupe Karagwe

Wasomaji, mashtaka mmekwisha kuyasikia. Yanarudiwa kwenye studio za Kayanga, kwenye vijiwe vya Omurushaka, na kila anapoonekana kijana mwenye kamera ya mkanda akipanda kilima cha Nyakahanga. Kupiga maziwa na vilima vya Karagwe na Kyerwa kwa filamu nyeusi na nyeupe, wanasema, ni ukoloni, ni huzuni, ni upofu wa rangi, na juu ya yote ni jambo lisilowezekana. Wanaosema hivyo si wajinga. Wengine wamepiga harusi na vipaimara tangu enzi za mkanda wenyewe, ndiyo maana nimewasikiliza hadi mwisho. Sasa ninyi mpime ushahidi.

Shtaka la kwanza ndilo linalopigiwa makofi zaidi: kwamba picha ya aina hii ni jicho la mkoloni. Mgeni alikuja, akatupiga picha za kijivu, akatufanya tuonekane watu wa kale. Anayerudia leo anajivika macho yake. Hoja ina uzito, na ingekuwa na uzito zaidi kama historia ya Karagwe ingeiunga mkono. Speke na Grant, wapelelezi kutoka Uingereza, walifika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi Novemba 1861. Grant alikuwa anajua kupiga picha. Alikuwa amepiga Zanzibar mwaka 1860. Lakini kamera haikufika Karagwe. Speke aliirudisha pwani wakiwa bado njiani, akieleza kwamba joto la kihema ambamo Grant alikuwa akitayarishia vioo vyake vya picha lingemuua. Basi Grant, aliyebaki Karagwe hadi Aprili 1862 kwa sababu ya mguu uliooza, alifanya nini? Alichora, na alichora kwa rangi za maji. Michoro yake ipo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Weusi na weupe uliingia baadaye, pale wachonga picha walipoiandaa kwa kitabu cha Speke cha mwaka 1863, kwa kuwa mashine ya chapa ilitaka hivyo. Kwa maneno mengine, mgeni wa kwanza aliyeiandika sura ya nchi hii aliiandika kwa rangi, na aliyeandamana naye akalibandika ziwa letu jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza. Kama chombo kinahukumiwa kwa aliyetangulia kukitumia, rangi ndiyo inayopaswa kupanda kizimbani kwanza. Na simu iliyo mfukoni mwa mshtaki haikubuniwa Bugene.

Shtaka la pili ni zito, nami silitanii. Wanasema picha nyeusi na nyeupe ya mkoa wetu wa Kagera tayari ina maana yake: ni Benaco. Mwaka 1994 mpiga picha Sebastião Salgado alipiga picha za wakimbizi wa Rwanda kwenye kambi ya Benaco huko Ngara, na picha hizo, za mahema na moshi na umati usio na mwisho, zimezunguka dunia nzima. Anayepiga vilima vya Kagera kwa mtindo huo, wanadai, anaviombolezea. Tutenganishe mambo mawili. Maombolezo ya Benaco yalitoka Benaco, hayakutoka kwenye kopo la filamu. Salgado huyohuyo alitoa kazi yake ya Genesis mwaka 2013, milima, barafu na misitu, yote nyeusi na nyeupe, na hakuna anayeitazama akadhani yuko msibani. Kisha kuna ukinzani ambao washtaki hawaugusi. Ingia sebuleni kwa wengi wao: ukutani iko picha ya harusi ya baba na mama, haina rangi hata tone, imewekwa kwenye fremu bora kuliko zote nyumbani. Hiyo hawaiiti huzuni. Na kama ni kweli kwamba dunia inaijua Kagera isiyo na rangi kwa mahema peke yake, mimi naona hiyo ni sababu ya kuongeza vilima kwenye kumbukumbu hiyo. Wao wanaona ni sababu ya kuyaachia mahema nafasi yote.

Tatu: kijani. Karagwe ni kijani, ukiiondoa umebakiwa na nini? Hili ndilo shtaka lao bora kiufundi, na nalisema kwa haki yake yote. Filamu ya kawaida haina njia ya kutofautisha kijani na wekundu vikiwa na mwanga sawa. Mgomba, nyasi za mlimani na barabara ya udongo mwekundu vinaweza kutoka kijivu kimoja, na kilima kizima kikawa bapa. Kweli kabisa, kwa mtu anayepiga bila filta. Weka filta ya kijani mbele ya lenzi: majani yanang'aa, barabara inakolea giza. Weka nyekundu: barabara inakuwa nyeupe, migomba inazama, anga la buluu linakuwa jeusi nyuma ya mawingu, na ule ukungu mwembamba wa buluu unaofunika vilima vya upande wa Rwanda unapungua. (Filta hiyo haipunguzi moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi, wala ukungu mzito wa bondeni, anayeahidi hivyo anauza filta.) Mpiga picha, basi, ndiye anayeamua barabara iwe nyeupe au nyeusi. Mnaona upofu uko wapi hapo? Watu haohao wanaosema uzuri wa Karagwe wote uko kwenye kijani ndio wanaolalamika kwamba picha zao za rangi za Nyaishozi na za Kyerwa zinafanana. Lazima zifanane: kijani juu ya kijani mbele ya kijani. Kinachotofautisha kilima na kilima ni umbo na kivuli, na hivyo havihitaji rangi.

Nne, mwanga. Inasemwa kwamba tuko karibu mno na ikweta, jua liko utosini, vivuli havipo, na ziwa likipigwa kwa filamu isiyo na rangi linatoka shuka jeupe. Nusu ya maneno haya ni kweli: tuko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya vichwa vyetu Machi na Septemba. Lakini linapita saa ngapi? Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 31. Kwa hiyo huku jua hufika kati saa yako ikikaribia saa saba mchana. Asubuhi yetu huanza na kuisha kwa kuchelewa kwa saa ya mkononi kuliko ya Dar es Salaam, na hadi kama saa tatu vivuli bado vinalala juu ya vilima vyema kabisa. Anayepiga ziwa Burigi saa saba mchana akapata shuka jeupe aulizwe alikuwa wapi saa moja na nusu. Tena hilo shuka linaipata simu vilevile, na linaiumiza zaidi. Sehemu ya picha ya kidijitali ikizidiwa na mwanga imekwenda, hairudi. Negativu hustahimili mwanga uliozidi kuliko kihisio cha simu, na ukipunguza muda wa kusafisha kwa kama sehemu moja ya tano, mng'ao wa maji unabaki na umbile lake. Udhaifu wa filamu uko upande wa pili, kwenye giza: ukiinyima mwanga kivulini haikuachii kitu. Mafunjo ya pembeni mwa ziwa ndiyo yanayopimwa mwanga, maji yatajitunza. Washtaki wamelaumu filamu kwa kosa la kamera zao.

Tano, simu inafanya hayohayo kwa kugusa mara moja. Inafanya, tena inakuruhusu kuchagua filta ukiwa umerudi nyumbani, jambo ambalo filamu haikuruhusu. Nakubali bila kinyongo. Ila mtu anayeshikilia kwamba filamu imekufa, kisha anapakua programu ya kuongezea picha yake chembechembe na mikwaruzo ya filamu, atueleze anamwigiza marehemu kwa nini.

Limebaki shtaka wanalolitunza kwa ajili ya mwisho: hata kama haya yote ni kweli, Karagwe haiwezekani. Mkanda ni ghali na hakuna pa kuusafishia. Haya ni mambo mawili, nao wanayafunga kamba moja ili lenye nguvu libebe lililo dhaifu. Lenye nguvu ni bei. Filamu inatengenezwa mbali, Uingereza kwa Ilford, Marekani kwa Kodak, Jamhuri ya Cheki kwa Foma. Mkanda mmoja ni picha 36, na nauli yake mnunuzi ndiye anayeilipa. Sina jibu la kuifanya rahisi. Hapo wamenishinda.

Lakini kusafisha? Mwaka 1995 darasa la Dkt. Scott Williams huko Rochester, mji wa Kodak wenyewe, lilionyesha kwamba filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa inayoyeyuka. Mchanganyiko unaotumika sana leo, kwa lita moja ya maji, ni gramu 54 za soda kavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa, dakika 15 kwenye nyuzi 20 za sentigredi. Kwenye kahawa, kinachofanya kazi ni asidi zilizomo, na robusta inazo nyingi kuliko arabika. Ndiyo maana wazoefu wa Ulaya hutafuta kahawa ya bei nafuu yenye robusta. Kagera inalima robusta kwa wingi, na TANICA, kiwanda cha kahawa inayoyeyuka, kiko Bukoba. Nyuzi 20, zinazomsumbua mtu wa pwani hadi atafute barafu, kwenye nyanda zetu za juu ni maji ya mtungi ya asubuhi. Kilichobaki kuagizwa ni dawa ya kukazia picha, thiosalfeti, ya jamii ileile iliyotumika kwa miongo mingi kwenye vyumba vya giza vya eksirei. Ikishatumika ina fedha ndani yake, isimwagwe karibu na kisima.

Kwa hiyo bei ya mkanda inasimama kama hoja, na yeyote mwenye njia ya kuishusha aitoe. Hoja ya kwamba hakuna dawa ya kusafishia imeanguka, na imeangukia katika mkoa ambao mibuni imepandwa hadi uani.