Wanaouguza wazee Makambako nao waulizwe

Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Siku Wizara ya Afya itakapoketi kuandika mpango wa taifa wa kuwahudumia wenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, haki hiyo haitatimizwa kwa warsha ya siku mbili Dodoma. Anayeujua ugonjwa huu ni binti au mkwe anayefunga mlango kwa kufuli usiku, mzee asije akatokea kwenye barabara kuu ya Tunduma malori yakipita, na kukicha shamba linamngoja. Huyo haendi warshani. Afuatwe alipo Makambako: kwenye kikoba, kanisani baada ya ibada, kwenye dirisha la wazee hospitalini.

Kwamba namna ya kuuliza hubadili majibu, ushahidi tunao humu humu nchini. Wilayani Hai, watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi kati ya 2009 na 2010, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana dimensia. Vipimo vilivyozoeleka Ulaya humtaka mtu aandike na kuchora, na mzee ambaye hakupita shule angeonekana mgonjwa kwa sababu tu hajazoea kalamu. Ndipo kikatengenezwa kipimo ambacho mzee hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Ikiwa kipimo kilimfuata mzee alipo, mpango nao unashindwaje?

Njombe, mkoa ulimo mji wa Makambako, ina neno lake la kusema. Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Dawa zinawafikisha watu uzeeni, jambo la kushukuru, lakini VVU vyenyewe vinaweza kudhoofisha kumbukumbu. Tena UKIMWI uliwaachia bibi wengi wajukuu yatima. Bibi wa namna hiyo akianza kusahau, anayemlisha na kumwogesha anaweza kuwa mtoto wa shule, na sijaona fomu ya maoni inayomkumbuka mtoto huyo.

Wapo watakaosema malaria na vifo vya uzazi havijaisha, na kwamba wananchi wakiulizwa watadai majengo yasiyo na bajeti. Lakini mazoezi ya akili ya vikundi, yaliyorekebishwa yawafae wazee wa vijijini, yalijaribiwa Hai yakaleta nafuu, na hayahitaji mashine. Pingamizi zito zaidi ni aibu. Nani atasimama mbele ya majirani aseme mama yake anazurura usiku, katika nchi ambayo vikongwe wameuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa kudhaniwa wachawi? Hoja hiyo naikubali. Kwa hiyo kikoba, kanisa na mkutano wa mtaa vitumike kuelimisha na kutangaza tu. Maoni yenyewe yachukuliwe nyumbani, kwa faragha, na mhudumu wa afya ya jamii ambaye familia inamfahamu, na mgonjwa aliye mwanzoni mwa ugonjwa aulizwe mwenyewe, kwa maana bado anaweza kujisemea.

Halmashauri ya Mji Makambako haina haja ya kungoja waraka. Iwatume wahudumu hao sasa, majibu yaandikwe, na rasimu ya mpango itakapotoka idai irudishwe mitaani, isomwe kwa sauti kabla haijatiwa saini.