Somo Kwanza, Bei Baadaye

Mwalimu atakayepangiwa shule ya Ngara au Biharamulo huenda akaombwa na kamati ya shule ashauri juu ya ununuzi wa kompyuta mpakato. Swali la kwanza litakuwa bei. Sisi twaona lafaa liwe la mwisho.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza kompyuta ya watoto ya dola 100. Ilipoanza kuundwa kwa wingi mwaka 2007, bei ilikaribia dola 190. Hata hivyo sifa zake zilipangwa kwa busara: iliendeshwa kwa Linux, isiyodai ada ya leseni, kioo chake kilisomeka juani, ilitumia umeme kidogo, wala haikuwa na diski ya kuzunguka, iharibikayo kwa mtikisiko. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo, waligawa zaidi ya 200,000 mashuleni.

Basi yatupasa tuandike kwanza: somo gani litafundishwa? Kwa lugha gani? Umeme utatoka wapi? Nani atatengeneza? Kuhusu lugha, programu huria zaruhusu kufasiriwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini Linux haipunguzi bei ya betri, wala haimfundishi mwalimu. Gharama za mafunzo na matengenezo na ziingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Pasipo hayo, kitu rahisi kitakuwa ghali, na michango ya wazazi itafungiwa kabatini.