"Njoo kesho" ya fundi ni hasara ya mwenye gari

Mfanyabiashara anayesafirisha nyanya kwa pikapu akimpelekea fundi viti vishonwe upya, mara nyingi hutakiwa kutanguliza fedha ya kitambaa. Kisha huanza "njoo kesho". Gari limelala bila kiti cha dereva, nyanya zinaoza, na fedha imeshamalizia kazi ya mteja mwingine.

Si ajabu wapo wanaoamua kujishonea. Kazi yenyewe haina siri kubwa. Kiti hufunguliwa bolti sakafuni, kifuniko cha zamani hufumuliwa mshono kwa mshono, na vipande vyake ndivyo huwa kipimo cha kukatia kitambaa kipya. Penye tabaka nyingi huhitajika cherehani imara. Ila viti vyenye mfuko wa hewa ubavuni aachiwe mjuzi, kwani kifuniko kibaya huuzuia kufunguka wakati wa ajali.

Fundi mwenye ahadi za uongo ajue kuwa anajifukuzia wateja. Na anayebaki kwa fundi anunue kitambaa mwenyewe, waandikiane siku ya kukabidhiana, na amalizie malipo akishaiona kazi.