Uvimbe usiopapasika: Chombo kipya si lazima kiwe bora

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo haukutungwa kwa ajili ya madaktari wapasuaji, lakini siku hizi unawahusu sana, hasa katika jambo ambalo nakusudia kulizungumzia leo, nalo ni namna ya kuonyesha mahali ulipo uvimbe wa titi ambao mkono hauwezi kuugusa, kabla mpasuaji hajashika kisu.

Yafaa kwanza tulieleze tatizo lenyewe. Katika nchi zenye mpango wa kuwapima wanawake wa umri fulani kwa eksirei ya matiti, kama vile Uingereza, Denmark na Uholanzi, saratani nyingi hugunduliwa zikiwa changa. Mwanamke hana maumivu wala dalili, na daktari akimpapasa hapati kitu. Ni picha tu inayoonyesha kivuli kidogo, au chembechembe za chokaa zilizojikusanya mahali pamoja. Hiyo ni neema, maana ugonjwa ukikamatwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi, na mara nyingi hapana haja ya kuliondoa titi lote. Lakini mpasuaji atakataje kitu asichokiona wala kukigusa? Akikata kidogo mno, ataacha sehemu ya ugonjwa, na mama yule atarudishwa mezani mara ya pili. Akikata nyama nyingi mno, ameliharibu titi bila sababu. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote.

Jawabu lililotumika kwa miaka mingi kuliko mengine yote ni waya. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani, Frank, Hall na Steer, walieleza waya mwembamba wenye ndoana nchani. Mtaalamu wa picha huuingiza kwa sindano, akiongozwa na eksirei au mashine ya mawimbi ya sauti, mpaka ndoana inase kwenye uvimbe. Mpasuaji huufuata waya huo mpaka mahali panapotakiwa. Chombo hiki ni rahisi na bei yake ni ndogo. Hata hivyo kina kasoro zake. Kwa kawaida waya huwekwa siku ile ile ya upasuaji, na mgonjwa, ambaye tayari yuko katika hofu, hukaa akisubiri hali waya umechomoza kifuani umefunikwa kwa bandeji. Waya waweza kusogea. Na idara ya picha ikichelewa, chumba cha upasuaji nacho huchelewa.

Kwa sababu hizo wataalamu wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1996, katika Taasisi ya Saratani ya Ulaya mjini Milan, nchini Italia, walianza kuingiza kwenye uvimbe kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi ya teknishamu, na mpasuaji akautafuta kwa kifaa kinacholia kadiri kinavyoukaribia. Lakini nguvu ya teknishamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo kazi haiwezi kuahirishwa kwa siku nyingi. Mwaka 2001 wataalamu wa Florida, Marekani, wakaeleza matumizi ya punje ndogo ya titani yenye iodini ya mionzi ndani yake, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu katika siku zipatazo 60. Punje hiyo yaweza kuwekwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Tatizo ni kwamba kila punje sharti ihesabiwe na kulindwa kwa sheria za mionzi tangu inapoingia hospitalini mpaka inapotoka, na ikipotea hata moja ni kosa kubwa.

Baada ya hapo zikaja punje zisizo na mionzi. Ipo inayotafutwa kwa sumaku, ipo inayoitikia mawimbi ya rada, na ipo inayotambuliwa kwa mawimbi ya redio. Zote huweza kuwekwa mapema, nazo hazihitaji sheria za mionzi. Lakini ile ya sumaku huvurugwa na vyombo vya kawaida vya chuma vya mpasuaji, nayo huharibu picha za mashine kubwa ya sumaku, jambo linalomdhuru mgonjwa anayepewa dawa kwanza na kufuatiliwa kwa picha hizo kabla ya kupasuliwa. Tena kila punje hutumika mara moja tu, na gharama yake huizidi sana ile ya waya, mbali na bei ya mashine ya kuitafutia.

Sasa tujiulize: katika vyombo vyote hivyo, kipi kinampunguzia mama safari ya pili ya mezani? Hicho ndicho kipimo cha haki, wala si upya wa chombo au uzuri wa matangazo yake. Denmark walilipima jambo hili kwa wagonjwa 409, wakagawanywa kwa bahati nasibu baina ya waya na punje ya iodini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliobakiwa na ugonjwa kwenye kingo za nyama iliyokatwa walikuwa asilimia 11.8 kwa punje na asilimia 13.3 kwa waya, tofauti isiyotosha kusema kuwa moja imeishinda nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Kanada walipima wagonjwa 305. Punje iliwapunguzia wagonjwa maumivu na kuufupisha upasuaji kwa dakika chache, lakini kwa upande wa kingo matokeo yalikaribiana. Mwaka 2015 shirika la Cochrane liliyakusanya majaribio 11 ya namna hiyo, likahitimisha kwamba hapana ushahidi ulio wazi wa kuipendelea njia moja kuliko nyingine. Uingereza nayo, mwaka 2022, ilitoa taarifa ya wanawake zaidi ya 2,000 waliofanyiwa kwa waya au kwa punje ya sumaku. Idadi ya waliorudishwa mezani ilikuwa karibu sawa.

Sisemi kwamba vyombo vipya havina faida. Kumwondolea mgonjwa adha ya kukaa na waya kifuani ni jambo la utu, na kuziachanisha ratiba za idara mbili ni jambo la busara. Lakini faida hizo ziitwe kwa majina yake. Ni faida za ratiba na za faraja. Anayeziuza kana kwamba ni faida za kuponya hasemi kweli.

Ipo pia njia isiyoacha kitu chochote mwilini. Mpasuaji mwenyewe hushika mashine ya mawimbi ya sauti, akautazama uvimbe huku akikata. Njia hii haiwezi kutumika pale ambapo kuna chembechembe za chokaa tu, maana kwa kawaida mashine hiyo haizioni, na hapo waya au punje ni lazima. Kadhalika inadai mpasuaji aliyefunzwa. Lakini maarifa hayo hubaki mikononi mwake, wala hayaagizwi upya kila mgonjwa anapolazwa. Na kwa njia yoyote ile, nyama iliyotolewa haina budi kupigwa picha kabla jeraha halijashonwa, ili ithibitike kuwa kilichotafutwa kimepatikana.

Kwetu Tanzania, wengi mno wa akina mama hufika hospitali wakiwa na uvimbe wanaoupapasa wenyewe, na mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa. Hatuna mpango wa nchi nzima wa kuwapima wanawake wote wenye afya kwa eksirei. Kwa hiyo uvimbe usiopapasika bado ni wa wachache, lakini kadiri upimaji utakavyoenea ndivyo utakavyoongezeka. Siku hiyo wauzaji watabisha hodi na mashine zao. Yatupasa tuwe na jawabu tayari. Kwanza wapasuaji wetu wafunzwe kutumia mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo si ngeni tena katika hospitali zetu. Pili waya usidharauliwe kwa kuwa ni wa zamani. Tatu anayetaka kununua kilicho ghali atuonyeshe ni akina mama wangapi watakaookolewa na upasuaji wa pili.

Asipoweza kutuonyesha, fedha hizo ziende kwenye upimaji, maana kazi yote hii ya kuutafuta uvimbe mdogo haianzi mpaka mama afike mapema.