Spika Kila Chumba, Nani Ashike Sauti?

Siku hizi mtu akishapaua nyumba yake na kutia umeme, haridhiki tena na redio moja ya sebuleni. Hutaka spika ukumbini, jikoni, vyumba vya kulala na barazani, zote zitoe wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Mambo haya si ya mahoteli ya Diani peke yake. Nilipozuru Munje, karibu na Msambweni, niliyakuta huko nako.

Hukumu ya muziki nawaachia masheikh. Swali langu ni jingine: katika nyumba ya watu wengi, nani ashike sauti?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote. Gramafoni ilikuwa moja na masikio mengi. Watu waliifuata ilipo, wakakaa, wakasikiliza. Baadaye redio na kaseti zilifuata mtindo huohuo. Asiyetaka kusikia alikuwa na pa kukimbilia: aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

Spika za leo zimemfuata humo ndani. Katika nyumba niliyoiona Munje, amplifaya iko sebuleni na spika zimesambazwa vyumba vinne. Kitufe cha sauti wamekishika vijana. Bibi wa nyumba hiyo alinieleza kwamba zamani ngoma aliifuata mwenyewe harusini, akarudi kwake akalala. Leo ngoma yamfuata kitandani. Akitaka kusoma nyiradi zake baada ya Isha, sharti amtume mjukuu akaombe sauti ipunguzwe. Mwenye nyumba amekuwa kama mpangaji.

Ama fundi naye ana sehemu yake ya lawama. Spika nne za omu 8 zikiungwa zote sambamba, amplifaya huona omu 2 tu, na nyingi za majumbani zimetengenezwa kwa omu 4 hadi 8. Hupata moto, na mwisho huungua. Ziungwe mbilimbili kwa kufuatana, kisha jozi hizo mbili sambamba, na hesabu itarudi omu 8. Waya uwe mnene kwa chumba cha mbali, na viungo vifunikwe vyema, kwani hewa ya chumvi hula shaba. Wanaotumia Bluetooth nao wajue kwamba mawimbi yake hudhoofika yakipita ukuta mnene wa mawe.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni dogo kwa bei: kila chumba kiwe na kirekebisha sauti chake ukutani, karibu na mlango, mahali mzee na mtoto wanapofikia. Kiwe cha aina iliyotengenezwa kwa spika, isije ile hesabu ya omu ikaharibika.

Wako watakaosema sheria ipo. Ni kweli. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele za mwaka 2009 zimeweka, ndani ya makazi, desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili jioni. Mazungumzo ya kawaida hufikia kama desibeli 60, basi msomaji apime mwenyewe. Jirani aweza kushtaki. Lakini ni bibi gani atakayempeleka mjukuu wake kortini?

Hapo sheria ya serikali hukoma, na adabu huanza. Sote twajua jinsi Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Na jirani wa kwanza ni yule aliye chumba cha pili. Twamkumbuka wa ng'ambo ya uwa kwa sababu atakuja kugombana. Huyu wa ndani twamsahau kwa kuwa amenyamaza.

Sisemi spika zing'olewe. Nyumba yenye furaha ni neema. Nasema kabla fundi hajatoboa ukuta, waulizwe wote watakaolala humo, na aanze kuulizwa mzee. Akisema chumba chake hakitaki spika, waya usifike huko.